Karara la Mnazi wa Kitovu

Mama yangu hajawahi kumwonyesha mgeni mnazi wake bora. Mgeni akija shambani kwetu, nje kidogo ya Kibiti, akasifu kwamba minazi imebarikiwa, mama humpeleka upande wa bondeni kwenye ile iliyodumaa na kumwambia kwa sauti ya unyonge, "Yako wapi hayo, baba. Tazama mwenyewe." Jicho la mtu lina sumu, hivyo ndivyo alivyotulea, na mdomo wa kusifu ndio unaotangulia. Ukiombwa mbegu, hutoi ya mti unaoupenda. Ukiombwa dafu, huangui kwenye mnazi wa mwanao.

Maana kila mmoja wetu alikuwa na mnazi. Kitovu cha mtoto kikidondoka, kilifukiwa chini ya mche, na mche huo ukawa wa mtoto huyo mpaka mmoja wao aondoke duniani. Wangu ulikuwa wa tatu kutoka kisimani. Utotoni niliuegemea kila siku ya Idi kuona nani anakua haraka, na ulinishinda mapema sana.

Shaka ya mama nimeirithi, ila mimi nimeipeleka shule. Ninafanya kazi maabara, Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukitengeneza kipimo cha ugonjwa unaoua minazi. Watu wa pwani wanaujua. Nazi changa huanza kudondoka bila sababu, maua hutoka na ncha nyeusi, makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, kisha kichwa chote kinaanguka na kubaki nguzo. Kijidudu chake hakionekani kwa macho, kinaishi ndani ya mishipa ya mti, na mkulima hana dawa ya kukiponya. Kinachoweza kusaidia ni kuujua mnazi mgonjwa mapema, ungali kijani na unazaa, ukaukata kabla haujawaponza wenzake. Sasa nenda ukamwambie mama yangu akate mnazi unaozaa. Hapo ndipo unapohitaji kipimo, na kipimo kisichodanganya.

Namna yetu ilikuwa hii. Tulichukua utomvu wa minazi iliyokuwa inakufa, tukauchuja tena na tena, tukawadunga sungura kidogo kidogo. Mwili wa sungura ukikutana na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, na hizo hubaki kwenye damu zikiwa zimekariri sura ya adui. Ukichukua maji ya damu hiyo ukayakutanisha na sampuli ya mnazi kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, ukaongeza dawa ya rangi, kishimo chenye ugonjwa hugeuka manjano. Lakini kingamwili ni kama mlinzi wa soko aliyeonyeshwa sura ya mwizi mmoja: humkamata mwizi, na mara nyingine humkamata na binamu yake. Hata mnazi mzima waweza kutoa umanjano kidogo. Kwa hiyo kila sahani lazima iwe na sampuli ya mnazi tunaojua kwa hakika kwamba ni mzima. Umanjano wake ndio mstari. Ukizidi pale, u mgonjwa. Usipozidi, nenda salama.

Bosi wangu, mtu mpole asiyependa mabishano, alitaka minazi mizima mitatu ya sehemu tatu tofauti. Mimi nikabisha. Nikasema mnazi wa mtu baki una hadithi usiyoijua, nani alimwagia nini shinani, nani anaficha nini. Nikasema ninao mmoja ninaoujua tangu siku ulipopandwa, na huo mmoja unatosha. Nikashinda. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri kushinda.

Tulichohitaji ni karara, yaani ule mfuko wa maua kabla haujapasuka. Huko juu kabisa, ndani ya karara changa, ndiko kijidudu hupenda kukaa kama kipo. Kwa hiyo nilikwenda nyumbani na mkwezi, mtu wa makamo wa upande wa Mohoro, mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Nikampa kipande cha kamba ya rangi ya chungwa na kumfundisha: popote atakapokata, aifunge pale kwenye kikonyo kilichobaki, ili tukirudi tujue. Nikamwonyesha mnazi wa tatu kutoka kisimani.

Mama alikuwa anapepeta mchele barazani. Akausimamisha ungo.

"Mwataka karara la mnazi wako wewe?"

"Ndiyo, mama. Wangu ndio tunaouamini."

"Na liwe halijafunguka?"

"Lazima liwe halijafunguka."

"Mh." Akautikisa ungo mara moja, akauweka chini. "Umetoka mbali, mwanangu. Njoo ule kwanza. Kazi haikimbii."

Nikala. Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na nilikuwa na njaa ya safari. Nilimsikia mkwezi akipiga hodi, maana mkwezi wa kwetu hapandi kabla hajapaza sauti, ili mwanamke anayeoga uani ajistiri. Mama akatoka na kata ya maji, kumpelekea anywe, alisema. Nilipomaliza kunawa mikono, karara lilikuwa tayari ndani ya mfuko na mkwezi anafungua kitanzi chake cha miguuni. Nikalitia kwenye barafu, nikambusu mama mkono, tukaondoka. Maabara tukalikausha, tukalisaga, tukaligawa kwenye vichupa na kuviweka ndani ya friza. Hicho ndicho kikawa kizima chetu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Kizima chetu kilitoa umanjano hafifu, kama chai iliyozidi maziwa. Sote tukasema huyo ni binamu wa mwizi, tukachora mstari juu yake kidogo, tukaanza kupima mashamba ya watu kuanzia Kibiti mpaka Ikwiriri. Mingi ilikuwa chini ya mstari. Minazi ya mama, yote thelathini na mmoja, ilikuwa chini ya mstari. Nikaenda mwenyewe kumpa habari, na jirani yake, mjane anayeishi kwa kuuza mafuta ya nazi, akapiga vigelegele, kwa kuwa ya kwake nayo tuliipima na kuiita mizima.

Haikupita misimu miwili, minazi ya mjane ikaanza kudondosha nazi changa. Alinijia nilipokwenda kusalimia, akafungua kanga yake, akanionyesha vidaka vyeusi vimejaa humo.

"Mwanangu, si mlisema mizima?"

Tulirudi kuipima, na sasa kipimo kikasema migonjwa. Ikawa hivyo kila mahali. Kipimo chetu kilikuwa kinauona ugonjwa siku ile ile ambayo hata mtoto angeuona. Mama ndiye aliyekipa jina. "Kipimo chenu," alisema, "kinatangaza msiba baada ya maziko."

Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilishuku friza, kwamba umeme ulikatika wikiendi na mlinzi hakusema. Nilishuku barafu tuliyonunua Ikwiriri. Nilimshuku anayetunza sungura, nikaenda kuhesabu masikio yenye alama. Nilimshuku hata bosi kwamba anataka nishindwe kwa sababu ya yale mabishano yetu, naye maskini alikuwa ameshayasahau. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa naona ung'ongo mpaka kwenye kikombe cha chai.

Mwisho shaka yangu ikatua kwa mkwezi. Sikuwa nimemwona akipanda. Mnazi wangu ni mrefu, ule wa nne uliokuwa kando yake ulikuwa mfupi, na mtu mvivu anapenda mfupi. Nikamwita mbele ya wenzake, tukiwa kazini Ikwiriri, nikamwuliza alikata wapi.

"Nenda kamuulize mwenye minazi," akasema.

"Ninakuuliza wewe."

"Nami ndiyo nimekujibu, binti."

Nililiona hilo kuwa jeuri. Nimuulize mama nini, wakati yeye hajapanda mti? Nikamwambia bosi mtu huyu haaminiki, na siku ile ile akaachishwa. Alikusanya kamba yake na panga lake akaondoka bila kuninyooshea kidole, jambo ambalo nalo nililihesabu kuwa dalili ya hatia.

Kisha ule mnazi wa nne ukafa. Ulianza kama mingine, na mama akamwita mtu akauangusha usije ukabomoa banda. Nilifika nikaukuta umelala, kichwa chake kimepasukia karibu na kisima. Nikauzunguka kama kawaida yangu. Katikati ya makuti yaliyooza, kwenye kikonyo kikavu, ilikuwepo kamba. Jua lilikuwa limeifubaza, lakini ilikuwa ya rangi ya chungwa, na fundo lilikuwa lile nililomfundisha.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nimempata. Nikaikata ile kamba, nikaingia nayo ndani kwa mama huku nikiinua mkono.

"Tazama, mama. Yule mkwezi alikata huu, si wangu. Nilisema!"

Mama aliitazama kamba. Akaniambia nikae.

"Mimi ndiye niliyemwambia akate huo."

Sikuelewa. Akarudia, polepole, kama unavyomwelekeza mtu njia. Alimpelekea maji, akamwambia mnazi wa binti yangu hauguswi, kata wa nne, na akamwapisha asiseme. Nikamwuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mama yake.

"Umekuja kwangu," alisema, "mimba mbili zimekutoka, hata miezi haijapita mingi. Unaniambia unataka kulikata karara la mnazi wako, na liwe halijafunguka. Karara lisilofunguka ni nini, we mwana? Si mimba ya mnazi hiyo? Nikae nikutazame unajikata mwenyewe, halafu nikupakulie wali?"

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba mnazi wa nne ulikuwa tayari mgonjwa siku ile, ndani kwa ndani, na kwamba sisi tuliuita mzima na kuwapimia watu wote kwa ugonjwa wake. Ule umanjano hafifu haukuwa binamu wa mwizi, ulikuwa mwizi mwenyewe, bado mchanga. Nilimwambia minazi ya mjane imekufa kwa ajili hiyo, na ya kwake mwenyewe itafuata, na nikamtupia methali ya mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta.

"Sikujua kama una ugonjwa," akasema. "Ulikuwa kijani."

Hapo hasira ikaniishia, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo mradi wetu wote ulianzishwa kwa ajili yake. Na kosa la kutaka mnazi mmoja badala ya mitatu halikuwa la mama.

Adhana ya alasiri ikasikika. Mama aliposali na kumaliza alibaki kwenye mkeka, akaniuliza bila kugeuka, "Sasa mwahitaji mnazi gani?"

Nikamwambia tunahitaji mitatu, iliyo mbali na ugonjwa. Wa kwangu hautafaa tena, umesimama katikati ya wagonjwa.

"Kuna wa kwangu," akasema. "Maparoni, nyumbani kwa baba yangu. Huko ugonjwa haujafika."

Miaka yangu yote sikuwahi kumsikia mama akiutaja mnazi wake wa kitovu. Nilidhani ulikufa zamani. Kumbe aliuficha hata kwetu sisi wanawe.

"Na karara, mama? Lisilofunguka?"

"Mimi nimeshazaa," akasema. "Wangu ukateni."

Kabla ya kwenda Maparoni nilikwenda Mohoro. Nilimkuta mkwezi ameketi nje anasuka kitanzi kipya. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikamwomba radhi pale pale nikiwa nimesimama, maana niliona sistahili kukaribishwa kukaa. Nikamwuliza kwa nini hakusema, nami nilimfukuzisha kazi.

"Binti," alisema, "mkwezi akiwa juu anaona uani mwa kila mtu. Akiwa na mdomo hapati mnazi wa kupanda." Akaendelea kusuka. "Lakini kamba niliifunga pale nilipokata. Ulisema nifunge pale nilipokata."

Bosi alimrudisha, na safari hii mimi ndiye niliyemwombea. Tukapanda boti Nyamisati, mimi, yeye na mama, tukapita katikati ya mikoko mpaka Maparoni. Mnazi wa mama ulikuwa mrefu, umeinama kidogo, unazaa. Mama hakuutazama ulipokuwa unakatwa, aliutazama mto. Nilisimama shinani kichwa juu mpaka shingo ikauma, nikaiona kamba inafungwa kwa macho yangu. Mingine miwili tukaipata kwa ndugu zake wa huko.

Maabara, kishimo cha mnazi wa mama kilikaa cheupe kama maji ya kisima. Hata ule umanjano wa binamu haukuonekana sana. Sote tulisimama tukikitazama. Tukashusha mstari, tukapima upya minazi ya mama, na kipimo kikafumbua macho. Tisa ilikuwa migonjwa, yote kijani, yote inazaa. Wa tatu kutoka kisimani ulikuwemo.

Nilikuwa peke yangu kwenye meza. Kichupa cha mnazi wangu kilikuwa mkono wa kushoto na cha mnazi wa sita, uliotoka mweupe, kilikuwa karibu nacho, vifuniko vinafanana. Nilijikuta nimekishika cha sita na kalamu ya kuandikia namba. Sijui nilikishika kwa muda gani. Nilimwelewa mama pale kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikakirudisha. Nikaupima wangu mara tatu, nikaupeleka na kwa wenzetu wenye mashine ya vinasaba, ambao majibu yao huchukua majuma, nikiomba Mungu waseme nimekosea. Walisema sijakosea.

Nilipompelekea mama majibu, aliuliza maswali matatu tu.

"Ungali kijani?"

"Kijani, mama."

"Ungekuwa wa mtu mwingine ungemwambia akate?"

"Ningemwambia."

"Na hicho kishimo cheupe mnachopimia, ni changu kweli? Uliona kwa macho?"

"Niliona kwa macho."

Akamwita mkwezi. Tisa yote ilianguka kwa siku mbili, wangu ukawa wa mwisho. Kabla haujaguswa mama alichota udongo wa shinani, akaufunga kwenye pindo la kanga, na baadaye akaupeleka Maparoni kuufukia chini ya mnazi wake. Ugonjwa huu hauendi kwa udongo, kwa hiyo nilinyamaza. Ingawa, nikisema kweli, hata ungekuwa unakwenda sijui kama ningefungua mdomo.

Minazi iliyobaki kwa mama bado imesimama mpaka leo. Mjane amepanda miche mipya, na kila nikifika ananiuliza kwa jicho la pembeni kama safari hii nimekula kabla ya kupima au baada ya kupima. Mtoto bado sina. Mama haniulizi, na mimi namshukuru kwa hilo.

Unga wa karara huchoka hata ukiwa kwenye barafu, hivyo kila baada ya miezi kadhaa tunarudi Maparoni kuchukua jipya. Mkwezi hufunga kitanzi, hupiga hodi hata pasipo mtu. Mimi husogea hadi ukingoni mwa mto, ambako simu hushika, nikampigia mama Kibiti. Bosi wangu hajui, na wanasayansi wenzangu wangenicheka.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Mmefika?"

"Tumefika. Huumwi popote? Kichwa? Mgongo?"

"Siumwi. Mwambie akate," anasema mama. "Na usiingie ndani kula."

Nampungia mkwezi mkono. Simu siikati. Nabaki nayo sikioni, nikisikiliza anavyopumua, mpaka karara lifike chini.